Picha Moja, Nakala Kumi

Bei za wapiga picha wa harusi hapa Mombasa siku hizi hupangwa kwa saa: saa nne kiasi hiki, saa nane kiasi kile, na droni ni juu yake. Wateja wangu wengi hudhani ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Sivyo. Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita mpiga picha hakuja harusini kabisa. Maarusi ndio waliomwendea.

Studio ziko pwani hii tangu karne ya 19. Unguja walikuwako akina Gomes, Wagoa, na mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio, ambayo mwanawe Rohit aliiendeleza baada yake. Hapa Mombasa, kuanzia miaka ya 1940 mpaka ya 1980, studio iliyokuwa na jina ni ya N. V. Parekh. Maarusi walikwenda studio siku kadhaa baada ya nikahi, wamevaa upya, wakasimama mbele ya pazia, wakaambiwa wasitikisike. Picha ilikuwa moja. Wenye nazo walipiga mbili.

Nakala ndizo zilizokuwa nyingi, na huko ndiko pesa ilikokwenda. Moja ya mamake mume, moja ya mamake mke, moja ya somo wa bibi harusi, moja ya ami aliyeko Lamu, moja ya shangazi aliyeolewa Maskati. Nyuma yaliandikwa majina na tarehe kwa wino. Picha yenye sura ya mke haikutundikwa ukumbini wanakoketi wageni wanaume. Ilikaa ndani, ama kashani. Picha ya harusi ya bibi yangu ilipigwa Unguja katika miaka ya 1950. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964 nyumba yao haikubakiwa na kitu. Picha tunayo leo kwa sababu nakala mojawapo ilikuwa kabatini kwa dadake, hapa Mombasa, Mji wa Kale.

Mambo yaligeuka zilipoenea kamera za kuning'iniza shingoni, zile za lenzi mbili kama Rolleiflex na Yashica, ambazo mpiga picha hutazama kwa juu. Sasa mtu aliweza kufika mpaka msikitini. Filamu yake, ya namba 120, ilitoa picha 12 za mraba, basi. Mzee aliyenifunza kazi alikuwa akikaa na ami wa bwana harusi kabla ya siku yenyewe, wakazigawa zile 12 kama wagawao mirathi. Bwana harusi akitoka kwao na jamaa zake, moja. Kushikana mkono na walii, mbili, maana ya kwanza lazima mtu atafumba macho. Wazee wa upande wa mke, moja. Wa upande wa mume, moja, na hapo ndipo maneno yalipozuka, fulani yumo au hayumo. Ya mwisho haikupangiwa mtu. Iliachwa kwa ajili ya yule mgeni atakayefika amechelewa na asiyeweza kukataliwa.

Katika hesabu hiyo wanawake hawakuwamo. Usiku wa kupamba bibi harusi ni wa wanawake peke yao: buibui huvuliwa mlangoni, na mpiga picha mwanamume haingii. Ndiyo maana albamu nyingi za enzi hiyo zimejaa kanzu na kofia, utadhani harusi za Mombasa ziliozesha wanaume kwa wanaume. Nyimbo za taarabu za usiku ule zilirekodiwa kwenye kaseti na kuuzwa madukani. Sura za waliozichezea hazikupigwa.

Katika pengo hilo ndimo nilimoingilia kazi mimi, mwishoni mwa miaka ya 1980, nikiwa na kamera ya filamu ya milimita 35, picha 36 za rangi. Familia zilitaka mwanamke mwenye kamera, na tulikuwa wachache. Mara zikaja kamera za video za VHS na taa zake za kuchoma macho, na hapo kila mtu akataka kila kitu kirekodiwe. Furaha hiyo haikudumu. Kanda ziliazimwa jirani, jirani alikuwa na vijana wa kiume nyumbani, na kunakili kanda kulikuwa kazi ya jioni moja. Wanawake waliokuja kucheza bila buibui walianza kuuliza kabla ya kuingia: kuna video? Familia zikaanza kuniambia nipige bibi harusi peke yake. Simu za kamera zilipofika, kadi za mwaliko zikachapishwa onyo kabisa kwamba simu haziingii, na mlangoni wakawekwa akina mama wa kupekua mikoba.

Nikirudi kwenye bei za saa: saa si kipimo cha harusi zetu. Kadi ya kupamba husema saa mbili usiku. Bibi harusi hutoka saa nne, pengine saa tano. Kabla ya hapo nilichoruhusiwa kupiga ni jukwaa, asmini na viti. Anapotoka, anatembea pole pole, macho chini, hina imepanda mpaka kiwikoni. Ninapoinua kamera, mtu husema kwa sauti, "Kamera!" na safu za mbele zote huvuta mitandio. Kisha jamaa hupanda kwa zamu, kila mmoja kajifunika atakavyo. Baada ya hapo kazi yangu imekwisha. Aliyelipia saa nane, nyingi amelipia kungoja.

"Mwanangu wa kike ndiye huyu mmoja, nataka kila kitu," akina mama huniambia.

"Kila kitu utakitazama lini, mwenzangu?"

Hapo mimi huwarudisha kwenye njia ya wale wazee. Kwanza tuhesabu shughuli: nikahi, bwana harusi kuingia kumpa mkono mkewe, kupamba. Pili tuandike majina ya watu ambao harusi isipowaonyesha itakuwa na kasoro, tukianza na wenye umri mkubwa. Tatu, na hili ndilo husahauliwa, tuseme picha zitakaa kwa nani. Zamani tulipiga picha moja tukatoa nakala kumi. Leo tunapiga elfu, zinatiwa kwenye flashi moja, flashi inatiwa kwenye droo, na simu ya bibi harusi ikiibwa sokoni Marikiti ndiyo basi.

Bei yangu ni ya saa tatu, picha 60 za karatasi, na nakala kumi za ile moja iliyo bora. Wapo wanaoona nawapunja, wakaenda kwa mwenye droni. Wanaobaki hunitajia majina kumi ya wa kupelekewa bila kufikiri, kisha humkumbuka wa kumi na moja na kuongeza pesa.