Kaseti: Mwizi Aliyegeuka Mtunza Ghala

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho vijana wengi wa leo hawajui hata kinavyoshikwa. Nacho ni kaseti. Mtu yeyote aliyekuwa kijana mjini katika miaka ya 1980 anaikumbuka vizuri. Anakumbuka redio ilivyokuwa ikila kanda, kanda ikachomolewa taratibu isikatike, kisha ikarudishwa ndani kwa kuzungushwa na kalamu ya biki. Anakumbuka pia, kama ni mkweli, kwamba kaseti nyingi alizokuwa nazo nyumbani hazikumpatia mwanamuziki hata senti moja. Na hapo ndipo penye shauri letu la leo, maana kaseti hiyo hiyo iliyowaibia wanamuziki wa Afrika ndiyo iliyowanusuru baadhi yao wasipotee kabisa.

Tuanze na asili yake. Kampuni ya Philips ya Uholanzi ilikuwa na kiwanda katika mji wa Hasselt, nchini Ubelgiji, na huko alikuwako mhandisi aitwaye Lou Ottens. Bwana huyu alichoshwa na mashine za kurekodia za siku zile, zenye magurudumu mawili makubwa na kanda iliyobidi kupachikwa kwa mkono. Akachukua kipande cha mbao kilichoenea katika mfuko wa koti lake, akasema mashine mpya isizidi hapo. Kipande hicho leo kingekuwa katika jumba la makumbusho, lakini Ottens mwenyewe alikitumia kutegemezea jeki siku gari lake lilipopata pancha, na ukawa mwisho wake. Kaseti ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Berlin mwezi Agosti 1963. Kanda yake haikufika milimita 4 kwa upana, nayo ilikwenda mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde, wakati kanda za studio zilikuwa zikienda sentimita 38. Kwa sauti, basi, haikuwa kitu cha kujivunia.

Kilichoifikisha kila pembe ya dunia ni uamuzi wa kibiashara. Sony ya Japani iliibana Philips, na Philips ikakubali viwanda vingine vitengeneze kaseti bila kuilipa chochote, alimradi vifuate vipimo vyake. Tangu hapo kaseti iliyotengenezwa popote iliweza kupigwa katika mashine yoyote. Tena santuri ilihitaji kiwanda, hali kaseti ilihitaji mashine mbili na waya wa kuziunganisha. Mwenye mashine mbili, basi, alikuwa na kiwanda chake sebuleni.

Hapa kwetu mlango huo ulikuta njaa kubwa. Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri. Bendi ya Dar es Salaam ilirekodi katika studio ya Radio Tanzania, nyimbo zikapigwa hewani, na aliyetaka santuri ilimbidi aangalie Nairobi. Sasa wimbo ukipendwa na nchi nzima, na dukani haupo, msikilizaji afanye nini? Aliweka kaseti tupu, akasubiri kipindi cha salamu, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Mwenye duka naye alifanya vivyo hivyo, ila yeye akadurufu nyingi na kuziuza. Wa kwanza simlaumu. Wa pili alijua anachofanya.

Matokeo yake tunayajua. Marijani Rajabu, yule Jabali la Muziki wa Safari Trippers na Dar International, alikuwa na sauti iliyotambuliwa na kila mtu mwenye redio. Alifariki dunia mwaka 1995, na katika miaka yake ya mwisho alikuwa akijitafutia riziki kwa kuuza kaseti za nyimbo zake mwenyewe katika kibanda kidogo nje ya nyumba yake, Kariakoo. Hebu fikiria, msikilizaji. Mwenye wimbo anashindana sokoni na wanaomdurufu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa mwaka 1999, miaka minne baada ya kuzikwa kwake.

Hayo ndiyo mashtaka. Lakini iko habari moja ya Ghana inayonifanya nisite kumfunga mshitakiwa maisha.

Mghana aitwaye Yaw Atta-Owusu, kwa jina la usanii Ata Kak, alihamia Toronto, Kanada. Huko alirekodi nyumbani, kwa kinanda cha umeme na kompyuta, akirap kwa Kitwi. Kaseti yake ilitoka mwaka 1994. Zilitengenezwa nakala 50 tu, na karibu hakuna aliyenunua. Mwenyewe akaliacha jambo hilo, akaendelea na maisha. Mwaka 2002 Mmarekani mmoja, Brian Shimkovitz, alinunua nakala moja barabarani mjini Cape Coast. Mwaka 2006 alianza kuweka kaseti alizokusanya Afrika katika ukurasa wake wa intaneti, na hiyo ya Ata Kak ikawa ya kwanza. Watu wa Ulaya na Marekani wakaicheza, wakadurufiana, wakaulizana: huyu ni nani? Hakuna aliyejua. Shimkovitz alimtafuta kwa miaka, Kanada na Ghana, mpaka akapata njia ya kumfikia kupitia kwa mwanawe. Walipotaka kuitoa upya mwaka 2015, kanda ya asili ikakutwa imeharibika. Ikabidi watumie ile kaseti ya barabarani! Na Ata Kak, ambaye albamu yake haikuwa na soko ilipotoka, akaanza kusafiri kwenda kuiimba mbele ya watu waliokuja kumwona yeye.

Hilo, kwa maoni yangu, ndilo jambo la kulitafakari. Kanda ya asili ni moja, na maadui zake ni ukungu, joto, maji na mtumishi mwenye kutaka nafasi katika kabati. Nakala ni nyingi, zimetawanyika katika nyumba za watu ambao hawajui kwamba wanatunza kitu. Kwa bahari na joto la pwani yetu, kanda iliyoko mahali pamoja ni kama mayai yote katika kapu moja.

Leo ukiingia YouTube utazikuta nyimbo za dansi na taarabu zilizotolewa katika kaseti za namna hiyo. Mara nyingine utasikia sauti ya mtangazaji ikikatizwa mwanzoni, au kipande cha salamu mwishoni, na unajua papo hapo kwamba kuna mtu, mwaka gani sijui, alikaa kando ya redio akingoja. Sauti ina mvumo, gitaa la besi limefifia. Hata hivyo wimbo upo, na chini yake watu walioko Muscat, London na Toronto wanataja majina ya wapiga gitaa na kusahihishana.

Tatizo ni pesa. Shimkovitz alipoanzisha kampuni yake aliweka utaratibu wa kugawana faida nusu kwa nusu na mwanamuziki, na Ata Kak alikuwako kupokea sehemu yake. Wanamuziki wengi wa Dar es Salaam wa miaka ile wamekwisha kufa. Anayeziweka nyimbo zao leo mara nyingi ni shabiki tu, na matangazo yanayopita kabla ya wimbo yana mlipaji na yana mpokeaji. Mjane wa mpiga tarumbeta, akiwa na kitambulisho chake na picha ya bendi, aende dirisha gani?