Ajali ya Boti Huanzia Ufukweni

(Muziki wa ufunguzi, unapanda, kisha unashuka taratibu)

MTANGAZAJI: Ndugu msikilizaji, tunazungumza nawe uliye hapa Dzaleka, vijiji jirani vya Dowa, au mjini Lilongwe. Leo tunafungua ukurasa wa historia, lakini ni historia yenye kazi wiki hii hii.

Tarehe 6 Julai, sikukuu ya uhuru wa Malawi, inakaribia. Vijana wa kwaya na wa timu za mpira wameanza kuchangishana nauli ya lori. Wanafuatilia vibali, wapitie Lilongwe hadi Senga Bay kule Salima, wakaone ziwa. Wakifika watakuta wenye boti za injini wakiwaita wapande kwenda kutembea kisiwa cha Namalenje. Ni matembezi mazuri. Lakini kabla hujaweka mguu ndani ya boti, sikiliza kwanza.

Wenyeji wa ziwa hili wana upepo wanaouheshimu, unaitwa mwera. Huvuma kutoka kusini, hasa kati ya Mei na Agosti, na unaweza kuinua mawimbi makubwa mahali palipokuwa shwari asubuhi. Sikukuu yetu ya Julai iko katikati ya msimu huo.

Julai ya mwaka 1946, meli iitwayo Vipya ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kazi katika ziwa hili. Ilikuwa mpya, ya chuma, na watu waliiamini. Tarehe 30 ya mwezi huo ilikutana na dhoruba upande wa kaskazini wa ziwa, ikazama. Watu 145 walikufa. Walionusurika walikuwa 49 tu. Kama meli nzima ilishindwa, itakuwaje kwa boti ya mbao ya watu kumi? Siku yenye upepo, matembezi yaahirishwe. Kisiwa hakihami.

(Mlio wa mawimbi, sekunde tano)

MTANGAZAJI: Sasa twende Uganda, kwa sababu huko kuna mfano wa boti ya starehe kabisa. Jioni ya Jumamosi, tarehe 24 Novemba 2018, boti iitwayo MV Templar ilikuwa Ziwa Victoria, wilaya ya Mukono. Muziki ulikuwa juu, watu wanacheza, wanakunywa. Boti haikuwa na leseni, na ilibeba watu kuliko uwezo wake. Ikapinduka. Zaidi ya watu 30 walikufa, na wengi hawakuwa wamevaa majaketi okozi. Hawa hawakuwa wakikimbia vita wala kutafuta unga. Walikuwa wametoka kufurahi, kama sisi tunavyotaka kufurahi Julai.

Miezi miwili tu kabla yake, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Tanzania. Kilikuwa kimepewa idhini ya kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228. Kivuko kilikuwa kinakaribia kutia nanga, na watu walisogea kujiandaa kushuka. Uzito ukihamia upande mmoja, chombo kilichozidiwa hakina pa kujishikilia. Ndiyo maana tunasema: kaa chini mpaka boti ifungwe kamba. Usisimame kupiga picha, wala msikimbilie wote ubavu mmoja kwa sababu mwenzenu ameona kiboko.

Na sisi wakimbizi tuna historia yetu. Tarehe 22 Machi 2014, ndugu zetu Wakongomani waliokuwa katika makazi ya Kyangwali, Uganda, walipanda boti kuvuka Ziwa Albert. Walikuwa wanarudi nyumbani. Boti ilijaa kupita kiasi, ikapinduka. Miili 251 iliopolewa, na ndani yake watoto wengi. Waliponea vita, wakamalizwa na boti. Tarehe 3 Oktoba 2024, Ziwa Kivu, boti iliyotoka Minova ilizama ikiwa karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, huku watu wa nchi kavu wakiitazama kwa macho. Wale hawakuwa na njia nyingine, maana vita vilikuwa vimefunga barabara.

Msikilizaji, zipange ajali hizi mbili tatu pamoja, utaona kitu kimoja. Boti ilizama majini, lakini makosa mengi yalifanyika nchi kavu: watu kuzidi, leseni kukosekana, jaketi kuachwa. Na nchi kavu ndiko mahali ambapo bado una uwezo wa kusema hapana.

Nilikuwa mdogo tulipovuka Ziwa Tanganyika usiku, kutoka upande wa Fizi kwenda Kigoma. Tulishapanda, mizigo imeingia. Mama akaweka mkono nje ya boti, na maji yakamgusa kabla hajaunyoosha. Akatushusha. Watu walimtukana, mwenye boti alikataa kumrudishia pesa. Tulisubiri nyingine hadi karibu na alfajiri. Tulipofika, tulikuta ile ya kwanza ilifika salama, na wenzetu wakatucheka. Mama akawajibu, "Nilikuwa na watoto watatu na mikono miwili." Hakusema zaidi, na mpaka leo naona alifanya sawa.

Wazee wetu wa Uvira, Baraka na Rumonge walikua wakijua maji. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994, na watoto waliozaliwa hapa wengi hawajawahi kuona ziwa wala kujifunza kuogelea. Ujuzi ule haukupanda lori pamoja nasi. Basi tuurithishe kwa redio.

Mkifika Senga Bay, muulize nahodha boti inabeba watu wangapi, kisha hesabuni. Angalieni kama kuna kasia na ndoo ya kukumba maji. Vaa jaketi ukiwa bado mchangani, ulifunge, na la mtoto limtoshe mtoto. Aliyekunywa pombe asiendeshe. Mmoja abaki ufukweni na majina ya walioondoka na saa ya kurudi. Na boti ikipinduka, ishikilie, kwa maana boti ya mbao huelea hata imejaa maji, na ufuko unaouona karibu uko mbali kwa mtu aliyechoka.

Na maji yakikaribia ukingo kabla hamjaondoka, shuka. Watakaokucheka, wacha wakucheke. Wahenga walisema, kawia ufike.

Mimi ni mtangazaji wako. Sikukuu njema, na urudi kutusimulia.

(Muziki wa kufunga)