Sindano ya Kofia na Kamba ya Mtepe

Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Maneno hayo niliwaambia wanafunzi wangu mara nyingi. Leo nina miaka sabini na kitu, magoti yamenikatalia safari za mbali, na mimi mwenyewe naishi kinyume cha mafundisho yangu. Barazani kwangu kuna makapu mawili. Katika kapu moja mna kofia ya vito iliyoshonwa nusu. Katika la pili mna mtepe mdogo, usiozidi urefu wa mkono wangu toka kiwiko hadi ncha za vidole, nao umeshonwa nusu vilevile. Asubuhi, macho yakiwa bado na nguvu, hushika kofia. Alasiri hushika mtepe.

Msomaji asidhani nimekosea kusema kuwa chombo cha baharini kimeshonwa. Mtepe haukuwa na msumari hata mmoja. Fundi alitoboa mbao kandokando, akazifunga ubao kwa ubao kwa kamba za makumbi ya nazi, kisha akaziba matundu ili maji yasipenye. Tanga lake lilikuwa mkeka wa mraba, na omo yake ilichomoza mbele kama shingo ya ngamia. Mafundi wake hodari walikuwa Wabajuni wa visiwa vya kaskazini mwa Lamu. Mitepe ilibeba boriti za mikoko na mizigo mingine, ikapita pwani yote hii.

Ufundi huo ni wa kale mno. Kitabu cha mabaharia kiitwacho Periplus, kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza, kinautaja mji wa biashara wa pwani yetu uitwao Rhapta. Jina hilo latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kushona, kwa sababu ya vyombo vya kushonwa vilivyoonekana hapo. Mahali hasa ulipokuwapo mji huo wataalamu wanabishana hadi leo, lakini hawabishani juu ya maana ya jina lake. Basi katika kumbukumbu za kwanza kabisa zilizoandikwa juu ya pwani yetu, tunatajwa kama watu wanaoshona.

Zamani watu wengine walisimulia kwamba vyombo hivyo vilishonwa kwa kuogopa milima ya sumaku iliyomo baharini, ing'oayo misumari. Hiyo ni hadithi tu. Sababu zenyewe ni za akili. Chuma kilikuwa ghali, na minazi ilikuwa tele. Tena chombo kilichoshonwa hunyumbuka: kikipandishwa mchangani au kikigonga mwamba, hujipinda kidogo badala ya kupasuka. Aibu yake ilikuwa kuvuja. Mabaharia walikuwa hawapumziki kukumba maji, na kamba zilipochakaa ilibidi chombo kishonwe upya. Vyombo vya misumari vilipozidi, mitepe ikapungua, na katika miaka ya 1930 ikatoweka baharini.

Kilichobaki ni nini? Ni picha chache, maandishi ya watafiti kama James Hornell aliyeandika habari zake mwaka 1941, na mitepe midogo, kama ile iliyowekwa katika makumbusho ya Lamu. Kitu ambacho mpita njia angekiita mchezo wa watoto kimekuwa shahidi wa chombo ambacho hakipo tena. Mwaka 2003 mtepe wa ukubwa kamili ulijengwa Zanzibar, ukawekwa katika Beit al-Ajaib, watu wakauona na kustaajabu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo ikaporomoka. Nilipoisikia habari hiyo nilijiambia kuwa hata jumba kubwa halitoshi kutunza ufundi. Ufundi hutunzwa na mikono.

Hapo ndipo lawama inaponirudia mwenyewe. Mimi nilisomea ualimu chuoni muda mfupi baada ya Mwalimu Nyerere kutoa Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967. Tulifundishwa kwamba kazi ya mikono ni sehemu ya elimu. Nilipokuwa mkuu wa shule, kipindi hicho kikageuka kuwa kufagia na kupalilia. Kisha, kila mtihani wa taifa ulipokaribia, nilikitoa chote kwa Hisabati, nami nikijisifu. Na nyumbani kwangu, usiku baada ya usiku, mke wangu alikuwa akishona kofia kando ya taa. Kofia moja njema ilimchukua miezi miwili au mitatu, kati ya kupika na kulea. Fedha zake zilinunua sare za watoto wetu mishahara ilipochelewa. Hata siku moja sikumwuliza anavyofanya.

Nilimwuliza baada ya kustaafu, na si kwa hekima bali kwa dhiki. Mtepe wangu wa kwanza ulipinda kama ndizi. Nilishona ubavu mmoja wote nikaukaza, halafu nikahamia wa pili. Mke wangu aliutazama, akacheka, akasema, "Mwalimu, hata kofia haishonwi hivyo. Ukivuta huku, na kule nako wangoja. Twaa huku kidogo, na kule kidogo." Nikaufumua wote. Nikaanza upya, tundu moja kulia, tundu moja kushoto, na chombo kikasimama sawa.

Tangu siku hiyo ananifundisha vito. Kila kito ni kitundu kidogo kinachozungushiwa uzi mpaka ukingo wake ukae imara. Ukikaza sana kitambaa hukunjana, ukilegeza tundu hujifunga. Vidole vikishajua kipimo hicho katika kofia, hukikumbuka katika mtepe. Ndiyo maana siogopi tena kushika mawili. Haya mawili ni kazi moja, na jina lake ni kushona.

Alasiri hizi mjukuu wangu wa miaka kumi huja kuketi karibu na makapu. Wiki iliyopita alishona matundu manne ya mtepe. Mawili yalilegea. Zamani ningemwekea alama ya kosa kwa wino mwekundu. Safari hii nilimpa ncha ya uzi nikamwambia afumue, kisha nikamwita bibi yake aje amwonyeshe.