Sebule za Buganda Zilizomgeuza Mary Ainsworth

Mary Ainsworth alifika Kampala mwaka 1954 akimfuata mumewe, Leonard, aliyepata kazi katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki. Mwanasaikolojia huyo aliyekulia Toronto alikuwa ametoka London, kwa John Bowlby, daktari aliyeamini kwamba mtoto huzaliwa na haja ya kumng'ang'ania mlezi, mbali na njaa yake. Ainsworth hakusadiki. Kwake, kama kwa wasomi wengi wa siku zile, mtoto humpenda mama kwa sababu ya ziwa, basi.

Haukuwa wakati mwema kwa Mzungu kubisha hodi vijijini. Kabaka Mutesa wa Pili, mfalme wa Buganda, alikuwa uhamishoni Uingereza tangu Novemba 1953, kwa amri ya gavana wa Kiingereza. Hata hivyo, familia 26 zenye watoto wanaonyonya, katika vijiji vya karibu na Kampala, zilimfungulia mlango.

Alikuja na swali moja: mtoto wa Kiganda anayepelekwa kwa bibi yake ili aachishwe ziwa huathirikaje? Akakuta desturi yenyewe inafifia. Swali likamfia mkononi, akabaki kutazama tu, na pengine hiyo ndiyo ilikuwa bahati yake. Kila baada ya wiki mbili, kwa muda uliofika hata miezi 9, yeye na mkalimani wake waliketi sebuleni saa mbili nzima, alasiri, wakati wanawake wa Kiganda wanapopokea wageni.

Aliyoyaona, mama yeyote angeweza kumwambia bure. Mtoto wa miezi michache humchekea kila ambebaye. Baadaye huanza kuchagua: mama akitoka analia, akirudi anamtambalia. Akishazoea mwendo, hutambaa mbali kuchezea kitu, hugeuka kuhakikisha mama yupo, kisha huendelea na mchezo. Wengine walishikamana pia na baba au bibi, watu wasio na ziwa la kunyonyesha. Hapo hoja ya maziwa ikaanguka.

Kati ya watoto 28 aliowachambua, 16 walikuwa wametulia katika mapenzi ya mama, 7 walikuwa na wasiwasi, na 5 hawakuwa wameonyesha kushikamana na yeyote. Alichogundua zaidi ni kwamba mama aliyeweza kusimulia habari za mwanawe kwa undani, bila kuulizwa-ulizwa, ndiye mara nyingi aliyekuwa na mtoto mtulivu.

Baadaye, huko Baltimore, Marekani, alianza utafiti mwingine mwaka 1963. Familia zilikuwa 26 tena. Lakini watoto wa huko walikwisha kuzoea mama kuingia na kutoka chumbani, hawakujali sana. Ili aone tena kile alichokiona Buganda bila kukitafuta, ilimbidi atengeneze chumba kigeni chenye midoli, aingize mtu asiyejulikana, kisha amtoe mama kwa dakika chache. Jaribio hilo la dakika kama 20 ndilo lililompa umaarufu.

Wanafunzi wa saikolojia hukariri chumba cha Baltimore na kuzisahau sebule za Buganda. Ni kosa, hata kwa hesabu ya miaka tu: kitabu chake kuhusu watoto wa Uganda kilitoka mwaka 1967, kile cha Baltimore mwaka 1978.