Wageni wa Bustani: Asili ya Mimea Tunayoipanda Nyumbani

Wasikilizaji, na ninyi vijana mtakaosoma maneno haya shuleni, leo twataka kuzungumza habari za historia, lakini hatutataja vita wala wafalme. Historia tutakayoieleza imesimama nje ya mlango, nayo huliwa kila siku. Ni historia ya mgomba, ya mwembe, ya muhogo, na ya ua moja dogo ambalo wengi wetu hulipita bila kulitazama.

Watu wengi hudhani ya kuwa mimea iliyo karibu na nyumba zetu imekuwapo tangu kuumbwa kwa nchi. Sisi walimu tukiwauliza wanafunzi, "Asili ya mahindi ni wapi?" wengine hujibu, "Ni chakula chetu cha jadi." Wengine, walio wepesi zaidi, hulitazama jina lenyewe, wakasema, "Yametoka Bara Hindi, ndiyo maana yakaitwa mahindi." Majibu yote mawili si kweli. Mahindi yalianza kulimwa katika nchi ya Mexico, maelfu ya miaka kabla Mzungu hajafika huko. Columbus alivuka bahari mwaka 1492, na baada yake mabaharia wa Kireno na wa Kihispania wakayachukua mazao ya Amerika na kuyaeneza duniani. Yaelekea watu wa pwani yetu, kwa kuwa walizoea kuona vitu vya kigeni vikija kwa majahazi ya Bara Hindi, waliipa nafaka hiyo jina la nchi waliyoijua.

Basi na tuizunguke nyumba moja ya kijijini, tukihesabu. Mpapai ule, mpera ule, nanasi, nyanya, pilipili, maboga, karanga na viazi vitamu, asili yao wote ni Amerika. Minazi, miwa na majimbi vilitoka upande wa Asia ya mashariki na visiwa vyake. Mimea iliyozaliwa katika bara letu la Afrika ipo, nayo si haba: mtama ni wetu, ulezi ni wetu, kunde ni zetu. Lakini tukiwafukuza wageni wote siku moja, bustani zetu zingekuwa na nafasi tupu nyingi, na vyungu vyetu pia.

Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Mimea hii ilipewa jembe zamani, ikafanya kazi, ikawa wenyeji. Twataka kueleza jinsi ilivyopata uenyeji huo, kwa maana haikuupata yenyewe. Iliupata kwa mikono ya watu walioitunza.

Tuanze na mgomba. Ndizi za mwitu zina mbegu nyingi ngumu kama changarawe, wala hazina nyama ya kumshibisha mtu. Watu wa kale wa New Guinea na wa Asia ya kusini-mashariki walichagua migomba iliyozaa matunda yenye mbegu chache, wakaipanda, wakachagua tena, hata zikapatikana ndizi zisizo na mbegu kabisa. Hilo lilikuwa jambo kubwa, lakini lilikuwa na gharama yake. Mmea usio na mbegu hauwezi kusafirishwa na ndege, wala na upepo, wala na maji ya mto. Hauna njia nyingine ya kuendelea ila mtu ang'oe chipukizi, alichukue, akalipande mahali pengine.

Tafakarini maana yake. Mgomba huzaa mkungu mmoja, kisha shina lile hufa. Chipukizi lililo kando yake ndilo mrithi. Kwa hiyo kila mgomba ulio nyuma ya nyumba ulitoka katika mgomba mwingine, na ule katika mwingine, mkono kwa mkono, hata mwisho tufike ng'ambo ya bahari ya Hindi. Kama mnyororo huo ungalikatika mahali pamoja, mgomba wa aina ile usingalifika kwetu.

Nao ulifika zamani sana. Msafiri Ibn Battuta, mtu wa Tangier katika Moroko, alipita pwani hii mwaka 1331. Huko Mogadishu alipewa wali pamoja na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na huko Mombasa aliandika ya kuwa chakula cha watu ni ndizi na samaki. Hiyo ni zaidi ya miaka 160 kabla ya Vasco da Gama kufika pwani yetu mwaka 1498. Bara nako, katika nchi za Bukoba, Uganda, Rwanda na Burundi, watu walipata migomba ambayo leo ina majina mengi: ya kupikwa, ya pombe, mirefu, mifupi. Wataalamu walipochunguza urithi ulio ndani ya migomba hiyo ya nyanda za juu, waliona ya kuwa aina zake zote zakaribiana mno, kana kwamba ni watoto wa mama mmoja. Tofauti tunazoziona zilitokea kidogo kidogo katika machipukizi, na wakulima wenye macho mazuri wakazitenga, wakazipa majina, wakazihifadhi.

Wahaya huiita bustani ya migomba iliyoizunguka nyumba kibanja, na Wachaga wa Kilimanjaro huiita yao kihamba. Ardhi ya kibanja si nzuri kwa bahati. Katika sehemu nyingi za Bukoba mvua nyingi imeuosha udongo hata ukawa dhaifu, na uwanda ulio nje ya migomba huota majani tu. Ni samadi ya ng'ombe, majivu, na majani makavu yaliyotandazwa kwa vizazi vingi vilivyofanya udongo wa kibanja kuwa mweusi na wenye nguvu. Kadhalika Wachaga walichimba mifereji ya kuleta maji kutoka mitoni mlimani, wakaitunza kwa zamu. Mtu akirithi shamba la namna hiyo, amerithi kazi ya watu waliokwisha kufa.

Mwembe nao ni mgeni wa kale. Asili yake ni upande wa India na Burma, na hata jina lake limekuja pamoja nao, kwa kuwa watu wa magharibi ya India huita tunda hilo amba. Ibn Battuta alikula maembe mabichi yaliyotiwa katika achari huko Mogadishu. Baadaye, katika karne ya 19, misafara ya pembe na ya watumwa ilipokwenda bara, miembe ilikwenda pamoja nayo, na mpaka leo miembe ya Tabora na Ujiji huonyesha njia ile ilikopita. Kivuli chake ni kizuri, lakini historia yake ina machozi. Si vibaya mtoto alaye embe akijua yote mawili.

Sasa tuje kwa muhogo. Huu ulitoka Brazil. Wareno waliuleta Afrika ya magharibi, katika nchi za mto Kongo, katika karne ya 16, na pwani yetu ya mashariki ukaenea hasa tangu karne ya 18. Mama zetu walijifunza kuutambua muhogo mchungu, kuuloweka na kuuanika ili sumu yake itoke, na kuyatwanga majani yake yawe kisamvu. Muhogo huvumilia ukame, hukaa ardhini ukimngoja mwenyewe, na mara nyingi umewaokoa watu mahindi yalipokauka.

Lakini mgeni huyu alipatikana na ugonjwa ambao hakuujua kwao. Mwaka 1894 mtaalamu wa Kijerumani, Otto Warburg, aliandika habari za ugonjwa ulioonekana katika nchi ambayo sasa ni Tanzania: majani ya muhogo yanajikunja, yanakuwa na mabaka ya manjano, na mizizi inakuwa midogo. Ugonjwa huo twauita batobato. Waletwao nao ni wadudu wadogo, inzi weupe. Lakini mletaji mwingine ni mkulima mwenyewe, akatapo vipande vya mche mgonjwa na kuvipanda.

Katika milima ya Usambara, mahali paitwapo Amani, Wajerumani walianzisha mwaka 1902 kituo cha uchunguzi wa mimea na kilimo, na baada ya vita kuu ya kwanza Waingereza wakakiendesha. Hapo, katika miaka ya 1930, H. H. Storey na R. F. W. Nichols walitafuta dawa ya batobato. Hawakuipata katika chupa. Waliipata kwa kuoanisha muhogo na ndugu zake wa mwituni, hasa mti wa mpira wa Ceará, ambao Wajerumani waliupanda kwa ajili ya utomvu wake. Mti huo hauna mizizi ya kuliwa, lakini una nguvu ya kukataa ugonjwa. Watoto wake walioanishwa tena na muhogo, na tena, hata ikapatikana mihogo yenye mizizi mizuri na nguvu ile ile.

Kazi ile ilipofika mwisho Amani, katika miaka ya 1950, mbegu zake zilikuwa zimekwisha kupelekwa Nigeria. Huko zikawa msingi wa mihogo mingine iliyotengenezwa katika kituo kikubwa cha Ibadan kilichoanzishwa mwaka 1967. Halafu, tangu mwisho wa miaka ya 1980, batobato kali mno ilitokea Uganda, ikaharibu mashamba wilaya kwa wilaya, na watu wakaona njaa. Miongoni mwa mihogo iliyowasaidia kulima tena ilikuwamo ile iliyotoka Ibadan, yenye damu ya Amani ndani yake. Tazameni basi: kazi iliyofanywa mlimani Tanga ilizunguka Afrika ya magharibi, ikarudi kwa jirani zetu siku ya shida.

Tumesema habari za wageni waliokuja. Yupo pia mwenyeji aliyeondoka. Katika misitu ya Usambara na ya milima mingine ya Tanzania na Kenya, juu ya miamba yenye kivuli na unyevu, huota mmea mdogo wenye majani manene ya manyoya na maua ya rangi ya zambarau. Mwaka 1892 mtumishi wa serikali ya Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliuona, akaupeleka kwa baba yake Ulaya. Hermann Wendland, msimamizi wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover, aliuandika katika vitabu vya wataalamu mwaka 1893, akaupa jina la Saintpaulia kwa heshima ya baba na mwana. Wajerumani mpaka leo huuita kwa jina la Usambara.

Mwaka 1927 wakulima wa maua wa Los Angeles, Marekani, walipanda mbegu zilizoletwa kutoka Ujerumani na Uingereza, wakachagua aina kumi zilizo bora. Kutoka hizo, ua letu likaenea dirishani mwa nyumba zisizohesabika. Mwaka 1946 Wamarekani wakaunda chama kizima cha wapenzi wa ua hili. Nao wamejifunza desturi zake: halitaki jua kali, maana kwao ni kivulini; halipendi maji baridi juu ya majani; na jani moja likichomekwa katika udongo mwororo hutoa mizizi na kuwa mche mpya.

Huko ugenini limebembelezwa. Hapa kwao, msitu ukifyekwa, jua huipiga miamba, nalo hukauka. Baadhi ya aina zake za mwitu zimebaki mahali pachache sana, na hifadhi ya msitu wa Amani iliyowekwa mwaka 1997 ni mojawapo ya kinga zake. Hatusemi haya ili tuwalaumu wageni kwa kulipenda. Twasema ili tujue ya kuwa kuzaliwa mahali hakutoshi. Mgomba haukuzaliwa kwetu, nao umestawi kwa kuwa ulitunzwa. Ua hili limezaliwa kwetu, nalo laweza kutoweka kwa kuwa halikutazamwa.

Basi yatupasa kufanya nini? Kwanza, kila mwenye muhogo achague vipande vya kupanda katika miche yenye majani safi, na mche wenye batobato aung'oe mapema. Pili, kila mwenye migomba aache machipukizi machache yenye nguvu, atandaze majani makavu shinani, na ile aina ya zamani ambayo jirani wameiacha asiing'oe yote. Walau shina moja libaki, kwa maana aina ikiisha haina mbegu ya kuirudisha. Tatu, ninyi wanafunzi chukueni daftari, mwende kwa bibi na babu, muulize: mgomba huu waitwaje? Nani aliuleta? Aliutoa wapi? Yaandikeni majibu. Wazee wakiondoka, majina huondoka nao, na mara nyingi mmea uliopotewa na jina lake haukawii kupotea wenyewe.

Mashina haya yalifika kwetu kwa sababu kabla yetu alikuwako mtu aliyeinama akapanda. Mvua zikianza, zamu ni yetu.