Haidroksiyurea, Uloto na Hofu ya Malaria: Miaka Ishirini ya Kusubiri

Makala haya yanachunguza kwa nini haidroksiyurea, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa watu wazima wenye selimundu, ilichukua takriban miongo miwili kabla ya kujaribiwa ipasavyo kwa watoto wa Afrika Mashariki. Hoja yetu ni kwamba dawa ilikuwepo. Kilichokosekana ni ushahidi uliokusanywa mahali penye malaria.

Dawa yenyewe ni kongwe. Wakemia wa Kijerumani, Dressler na Stein, waliitengeneza mwaka 1869, na Marekani ikaiidhinisha kutibu saratani mwaka 1967. Hufanya kazi ndani ya uloto wa mifupa, yaani kiwanda cha damu, kwa kuzuia kimeng'enya kinachohitajika seli zinapojigawa. Kwa mgonjwa wa selimundu, himoglobini ya kichanga, ile ya mtoto aliye tumboni, huongezeka, na chembe nyekundu hazipindi upesi. Lakini uloto huohuo ndio uzaao chembe nyeupe zipambanazo na maambukizi. Kipimo kikizidi, kinga hushuka. Ndiyo sababu dawa hutolewa kwa maagizo ya daktari na damu huhesabiwa mara kwa mara.

Hapo ndipo hofu ilipozaliwa, wala haikuwa hofu ya kijinga. Mwaka 1954 Anthony Allison, tabibu aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba aliyerithi jeni moja ya selimundu hukingwa kwa kiasi dhidi ya malaria. Aliyerithi mbili hana bahati hiyo. Malaria humdhuru vibaya. Je, mtoto kama huyo apewe dawa inayopunguza chembe nyeupe? Swali lilikuwa la haki, ila liliachwa muda mrefu bila kujaribiwa, na kutojaribu kukageuka kuwa sera.

Jibu la kwanza lilitoka Mulago, Kampala, mwaka 2017: miongoni mwa watoto zaidi ya 200, waliopewa dawa hawakuugua malaria zaidi ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Mwishoni mwa 2018 yakafuata matokeo ya utafiti wa REACH, uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda kwa watoto 606. Kwa kila miaka 100 ya ufuatiliaji, matukio ya malaria yalishuka kutoka 46.9 hadi 22.9, uongezaji damu kutoka 43.3 hadi 14.2, na vifo kutoka 3.6 hadi 1.1. Mkosoaji atasema, kwa haki, kwamba watoto walilinganishwa na hali yao wenyewe kabla ya dawa, tena kwa kipindi kifupi. Hata hivyo, pamoja na ushahidi wa Mulago, hofu ya zamani haina tena pa kusimama.

Msomaji wa Mushasha, Gitega, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, huenda akaliona jambo hili kuwa la watu wa pwani na maziwani. Allison mwenyewe aliikuta jeni hiyo kwa uchache nyanda za juu. Lakini mlipuko wa malaria wa 2000–2001 ulizikumba Kayanza, Ngozi na Karuzi, nazo ni nchi za milima; na watu huhama na damu yao, kutoka Imbo na Ujiji hadi mitaa ya Gitega na Muyinga. Kwa mshauri wa sera wa Burundi, swali lililobaki ni la maabara: mtoto akishaandikiwa dawa, ni hospitali ipi ya wilaya itakayomhesabia chembe za damu, na kwa gharama ya nani?