Una wikiendi ndefu? Hivi ndivyo unavyoweza kupanga safari ya Tabora

Tabora. Sikukuu ikiangukia Ijumaa au Jumatatu, wengi huwaza Zanzibar, Bagamoyo au Arusha. Tabora haimo kwenye orodha. Haina bahari wala mlima, na abiria wengi wa treni wanaijua kwa asali tu.

Lakini mji huu wenye wakazi zaidi ya 300,000 kwa Sensa ya mwaka 2022 ulikuwa njia panda kubwa kabla reli haijawekwa. Misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilipita hapa kati ya Ujiji na Bagamoyo, njia ya takriban kilomita 1,200. Mwaka 2006 Tanzania iliingiza njia hiyo kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kwihara, nje kidogo ya Tabora mjini, ni moja ya vituo sita vilivyotajwa.

Ukipanga vizuri, siku tatu zinatosha. Ukipanga vibaya, mbili zitaishia barabarani.

Anza na usafiri

Kutoka Dar es Salaam kuna njia tatu kuu.

Ndege: Ndiyo njia inayokuachia muda mwingi zaidi wa kutembea. Tabora ina uwanja wake na Air Tanzania hufika, ila si lazima siku unayotaka wewe. Cheki ratiba kabla hujaomba ruhusa kazini.

SGR na basi: Treni ya umeme imekuwa ikibeba abiria Dar hadi Dodoma tangu Julai 2024. Ukifika Dodoma, unaunganisha na basi kupitia Manyoni na Itigi, barabara ambayo sasa ni ya lami. Hesabu siku nzima ya safari.

Treni ya zamani: Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na bado ina utamu wake, hasa ukipata behewa la kulala. Lakini inaweza kula siku nzima na usiku wake, kwenda tu. Masika njia huharibiwa na mafuriko mara kwa mara. Kwa mapumziko ya siku tatu, usiitumie kwenda na kurudi. Chagua upande mmja tu, tena ukiwa na siku nne.

Wa Mwanza wana nafuu: basi hupita Shinyanga na Nzega, unatoka asubuhi na mchana bado unao.

Njia yoyote utakayochagua, kata tiketi ya kurudi mapema. Watu hukwama zaidi siku ya kurudi kuliko ya kwenda.

Chagua msimu

Mvua huanza Novemba hadi Aprili. Kiangazi ni Mei hadi Oktoba, na ndani yake zimo Saba Saba, Nane Nane na Nyerere Day. Pasaka inakupa siku nne za uhakika, ila beba koti la mvua na viatu vya tope. Septemba na Oktoba jua ni kali, hivyo mizunguko ifanye asubuhi.

Siku ya kwanza: Mji wenyewe

Anzia stesheni. Hapa ndipo reli inapogawanyika, tawi moja likienda Kigoma na jingine Mwanza. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamebanwa na vita, walitumia karakana ya reli ya Tabora kutengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Septemba 19 mwaka huo huo, majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliuteka mji.

Boma la Mjerumani bado lipo, lakini ni eneo la jeshi. Liangalie kwa mbali na simu ibaki mfukoni.

Kisha kuna Tabora Boys, alikosoma Julius Nyerere kuanzia 1937 hadi 1942. Baadaye alirudi mjini hapa kufundisha St. Mary's. Januari 1958 TANU ilikutana Tabora na kuamua kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Uamuzi huo uligawa chama, lakini ndio uliofungua njia ya Uhuru wa 1961. Kumbuka hii ni shule yenye wanafunzi. Usiingie bila ruhusa ya ofisi.

Jioni, pita sokoni. Tafuta asali ya misitu ya miyombo, karanga, michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Wapo wanaosema jina la Tabora limetokana na matobolwa hayo. Mama lishe akiwa na nsansa, mboga ya majani yaliyokaushwa na kupikwa kwa karanga, usiikatae.

Siku ya pili: Kwihara

Hii ndiyo sababu ya safari. Kwihara iko kilomita chache kusini magharibi mwa mji, na bajaji au bodaboda inakufikisha. Patana bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kabla hujapanda, kwa sababu ukiwa kule usafiri wa kurudi si wa kutegemea.

Utakuta nyumba ya tembe yenye paa bapa, inayojulikana kwa jina la David Livingstone. Yeye na Henry Stanley walifika hapa Februari 1872 wakitokea Ujiji. Stanley aliondoka Machi 14. Livingstone alibaki hadi Agosti 25, akisubiri wanaume 57 ambao Stanley aliwatuma kutoka pwani.

Wageni wengi hupiga picha mlangoni na kuondoka. Hapo ndipo safari inapopotea, kwa sababu hadithi kubwa ya Kwihara ni ya wale waliokuwa wakitembea.

Livingstone alifariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wenzake Waafrika, wakiongozwa na Abdallah Susi na James Chuma, waliukausha mwili wake na kuubeba. Walipofika Unyanyembe, eneo hili hili la Tabora, walimkuta ofisa wa Kiingereza, Luteni Cameron, akawashauri wamzike hapo. Walikataa. Waliendelea kutembea hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874.

Pia tofautisha watu wawili waliopita njia hii. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walikuwa wakilipwa na walijivunia kazi yao. Watumwa walipelekwa kwa nguvu, na wengi hawakufika pwani. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873, lakini huku bara utumwa ulipigwa marufuku kabisa kisheria mwaka 1922, chini ya Waingereza.

Hiyo ina maana kuna wazee ambao babu na bibi zao waliishi zama hizo. Kuuliza mtu "ninyi mlikuwa watumwa au mabwana?" ni kumvunjia heshima, na wapo wanaouliza. Salimia kwanza. Shikamoo inatosha, na "mwangaluka" ya asubuhi itakufungulia milango. Mwache mwenyeji achague cha kukusimulia. Muulize anayekutembeza kuhusu wapagazi, na atakachokuambia huenda hakijaandikwa ukutani.

Siku ya tatu: Urambo au kupumzika

Kama unasafiri usiku au una siku ya nne, nenda Urambo, takriban kilomita 90 magharibi. Ndiyo iliyokuwa dola ya Mtemi Mirambo, aliyefariki 1884. Mwaka 1871 alipigana na wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe na kuifunga njia ya misafara. Stanley mwenyewe alijikuta ndani ya vita hiyo na akalazimika kuzunguka kusini ili afike Ujiji.

Kama muda hautoshi, baki mjini na uliza habari za Mtemi Isike wa Unyanyembe. Januari 1893, Wajerumani walipoivamia ngome yake, alilipua ghala la baruti akiwa ndani badala ya kukubali kukamatwa.

Ujiji iache kwa safari nyingine. Kwenye ramani inaonekana jirani, lakini iko zaidi ya kilomita 400 kwa reli.

Kabla ya kufunga begi

- Weka nafasi ya chumba mapema, hasa Pasaka.
- Beba pesa taslimu kidogo. Bodaboda na mama lishe si wote wanaopokea malipo ya simu.
- Piga simu kuhakikisha makumbusho ya Kwihara yatakuwa wazi sikukuu.
- Beba maji, kofia na dawa ya mbu.
- Usipige picha za jeshi, na watu wapige kwa ruhusa yao.
- Asali ifungwe vizuri. Ikimwagika kwenye begi, safari yote utaikumbuka kwa hilo.

Mwaka 1857, Waingereza Burton na Speke walitembea siku 134 kutoka pwani hadi hapa, mizigo yao ikiwa mabegani mwa watu na migongoni mwa punda. Leo unafika kwa siku moja ukiwa umekaa kwenye kiti. Ukiwa Kwihara, tenga angalau saa moja ya kuwakumbuka waliobeba.